Mandhari ya Kuazima: Alabama Iliyopigwa Picha Cape Town

Katika mtihani wa muhula uliopita tuliwauliza wanafunzi wetu wa mwaka wa pili swali ambalo sisi tuliliona jepesi: taja mandhari ya sehemu iitwayo "Rosa" katika mfululizo wa televisheni wa Doctor Who, kisha ujadili jinsi mandhari hayo yanavyojenga maudhui. Alama tano zilikuwa za kutaja, kumi na tano za kujadili. Karibu wote waliandika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1955. Mwanafunzi mmoja aliandika: Cape Town, Afrika Kusini. Tukamchorea sifuri katika zile tano, na pembeni tukaandika kwa wino mwekundu, "Soma swali vizuri."

Siku ya kurudisha karatasi alikuja ofisini. Alisalimu kwa adabu, shikamoo zake zote zikaitikiwa, kisha akasema: "Walimu wangu, mimi sikukosea. Picha ile imepigwa Cape Town. Shangazi yangu ameishi huko miaka mingi, na tulipoitazama pamoja alinionyesha kwa kidole." Tulimweleza tofauti ya mandhari ya hadithi na mahali pa kupigia picha. Alisikiliza, akashukuru, akatoka. Lakini alituachia mwiba, maana tulipokaa kuitazama tena ile sehemu tukiwa tunajua kwamba ardhi ile ni ya Cape Town, hatukuiona kama tulivyoiona mwanzo.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajapata kuuona mfululizo huu, tuseme machache. Doctor Who ulianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Msimamizi aliyeuasisi alikuwa Mkanada, Sydney Newman. Mtayarishaji wake wa kwanza alikuwa Verity Lambert. Na muongozaji wa hadithi ya kwanza alikuwa Waris Hussein, mzaliwa wa Lucknow, India. Ulikusudiwa watoto na wazazi wao, Jumamosi jioni. Mhusika mkuu, Daktari, ni msafiri kutoka sayari nyingine anayetembea katika nyakati zote kwa chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha simu ya polisi. Wasafiri wenzake wa kwanza walikuwa pamoja na walimu wawili wa shule, mmoja wa sayansi na mmoja wa historia. Hilo halikuwa jambo la bahati. Mfululizo ulitakiwa kufundisha. Mtoto aliyekuwa mbele ya televisheni alipaswa kutoka pale akiwa amejua jambo fulani kuhusu Marco Polo au kuhusu Waazteki.

China ya Marco Polo mwaka 1964, hata hivyo, ilikuwa ndani ya studio za London. Mexico ya Waazteki mwaka huo huo ilikuwa mbao na rangi. Sayari za mbali zilipohitaji uwanja wa nje, watengenezaji walikwenda kwenye machimbo ya mawe ya kusini mwa Uingereza, hata ikawa mzaha wa kitaifa kwamba ulimwengu wote mkubwa wa nyota ni shimo moja la kokoto. Sayari ya maadui wakuu wa Daktari, Skaro, mwaka 1975 ilikuwa machimbo ya Betchworth katika wilaya ya Surrey, na mwaka 1979 ilikuwa machimbo ya Winspit, Dorset. Paris ya mwaka 1979 ilikuwa Paris kweli. Hiyo ndiyo mara ya kwanza wapiga picha wa mfululizo huu walivuka bahari. Filamu moja ya mwaka 1996 iliyotakiwa kuwa San Francisco ilipigwa Vancouver, Kanada.

Mfululizo ulikuwa umesimama mwaka 1989. Uliporejea mwaka 2005 makao yake yalikuwa Wales, na hapo ndipo uazimaji ulipogeuka kuwa utaratibu wa kila wiki. Mitaa ya Cardiff ikawa London. Hadithi moja ya mwaka huo ilikuwa yenyewe inahusu Cardiff ya mwaka 1869, na baadhi ya picha zake zikaenda kupigwa Swansea. Pwani ya Norway ambako Daktari anaagana na msichana Rose mwaka 2006, pwani iliyowaliza watoto wengi wa Uingereza, ni Southerndown, huko huko Wales. Venisi ya mwaka 2010 ni mji wa Trogir, Kroatia.

Yote haya ni ya kuchekesha, na wapenzi wa mfululizo huyahesabu kama watoto wahesabuvyo gololi. Hatuna ugomvi nayo. Skaro haina wenyeji watakaolalamika. Lakini mambo hubadilika pale mahali panapoazimwa panapokuwa na historia yake, na historia hiyo ikawa ni ile ile inayosimuliwa kwa jina la mahali pengine.

Turejee kwenye "Rosa." Sehemu hii ilionyeshwa tarehe 21 Oktoba 2018. Waliiandika Malorie Blackman, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto na vijana ambaye wazazi wake walitoka Barbados, pamoja na Chris Chibnall. Muongozaji ni Mark Tonderai. Daktari safari hii ni mwanamke, Jodie Whittaker. Ameandamana na watu watatu kutoka Sheffield: Ryan, kijana mweusi; Graham, mzee mweupe aliyeoa bibi yake Ryan na ambaye alikuwa dereva wa basi; na Yasmin, askari polisi ambaye familia yake ina asili ya Pakistan. Wanafika Montgomery siku chache kabla ya tarehe 1 Desemba 1955, siku ambayo Rosa Parks alikataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi. Mtu mmoja kutoka karne za mbele, Krasko, mbaguzi, amekuja kuzuia tukio hilo. Hatumii bunduki. Anatumia vitu vidogo: kumbadilisha dereva, kuvuruga ratiba ya basi, kuwafanya abiria wapungue ili mama yule asiambiwe asimame. Wazo hilo ni zuri sana kwa hadithi ya watoto, kwa sababu linamwonyesha mtoto kwamba historia hutegemea pia mambo kama saa ya kutoka kazini na idadi ya viti.

Sehemu hii ina nguvu ambazo hatukuzitarajia kwenye kipindi cha Jumatatu cha kupumzisha wanafunzi. Mara tu wanapofika, Ryan anamwokotea mama mmoja wa kizungu glavu iliyodondoka na kumrudishia. Mumewe anampiga kofi. Darasa letu lilinyamaza. Baadaye Ryan na Yasmin wamejificha nyuma ya mapipa ya taka wakimkwepa polisi, na wanazungumza kwa sauti ya chini juu ya yanayowapata katika Uingereza yao wenyewe. Kisha kuna ule mwisho. Ndani ya basi, Daktari na wenzake wanataka kushuka ili wasishiriki aibu ile, wanatambua kwamba hawawezi. Wakishuka, viti vitabaki wazi na Rosa hataambiwa asimame. Inawabidi wakae. Wema wao unakuwa sehemu ya msongamano unaomwonea mama yule. Tumetazama hadithi nyingi za watoto kuhusu ubaguzi, na ni chache sana zinazothubutu kumwambia mtoto kwamba watu wema nao walikuwa wamekaa kwenye viti.

Sasa tuweke juu ya picha hiyo lile alilotuambia mwanafunzi wetu. Barabara ile si Montgomery. Ni Cape Town. Mwaka 1953, miaka miwili kabla ya Rosa Parks kukataa kusimama, Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya kutenga huduma za umma kwa rangi: madawati, fukwe, vyoo, milango ya posta, mabasi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 50 mjini Cape Town mwaka 2018 alikuwa na miaka 22 sheria ilipoondoka. Tukumbuke kwamba katika kazi hii watu wa kupita barabarani na wa kujaza viti vya nyuma aghalabu huajiriwa papo hapo picha inapopigwa. Tafakari, msomaji, mzee wa Cape Town anaambiwa avae kofia ya mwaka 1955, apande basi, akakae nyuma, ajifanye Mmarekani mweusi anayebaguliwa. Hapo anaigiza nini?

Hatusemi kwamba watengenezaji walikwenda huko kwa dhihaka. Watu wa filamu hutafuta jua, gharama nafuu, barabara zinazoweza kufungwa na majengo yasiyo na matangazo ya kisasa, na Cape Town inavyo vyote hivyo. Msimu huo huo walipiga Afrika Kusini sehemu nyingine, "The Ghost Monument," ambayo inahusu sayari isiyo na watu. Ardhi ile ile ikawa Alabama wiki moja na sayari ya jangwa wiki nyingine. Kwa mhasibu wa filamu hakuna tofauti.

Kwa mhakiki ipo. Udhaifu mmoja wa "Rosa," na tunausema tukiwa tunaipenda, ni kwamba uovu wake una anwani. Uko Montgomery, kule kusini mwa Marekani, na mjumbe wake ni mtu mmoja kutoka karne za mbele anayeweza kutupwa mbali kwa kifaa. Mazungumzo ya nyuma ya mapipa yanajaribu kuuleta uovu huo nyumbani Uingereza, na yanafaulu. Lakini ulimwengu wa hadithi unaishia hapo, Marekani na Uingereza. Afrika haimo. Na wakati huo huo Afrika iko chini ya nyayo zao, katika kila picha, ikiwa imefungwa mdomo. Mwezi Januari 1957, wiki chache tu baada ya mgomo wa Montgomery kumalizika kwa ushindi baada ya siku 381, wakazi wa Alexandra, Johannesburg, nao waliyasusia mabasi, nauli ilipopanda kwa peni moja, wakatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Mtoto anayetazama "Rosa" hatasikia habari hiyo. Wala hatasikia kuhusu mtaa wa District Six, katikati ya mji huo huo wa Cape Town, uliotangazwa kuwa wa wazungu mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa.

Wiki tatu baada ya "Rosa," tarehe 11 Novemba 2018, ilionyeshwa sehemu nyingine ya kihistoria, "Demons of the Punjab," iliyoandikwa na Vinay Patel. Ni Agosti 1947, siku ambazo India na Pakistan zinagawanywa. Bibi yake Yasmin, Mwislamu, anaolewa na Prem, Mhindu, na mpaka mpya unapita karibu na shamba lao. Nduguye Prem ndiye anayewaleta wauaji. Viumbe wa sayari nyingine ambao Daktari anawashuku kuwa wauaji wanageuka kuwa mashahidi: kazi yao ni kusimama karibu na kila anayekufa peke yake ili asife bila kuonwa. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi bora zaidi ya msimu ule, bora hata kuliko "Rosa," kwa sababu muuaji ni mdogo wake bwana harusi mwenyewe, wala hakuna wa kumtupa mbali kwa kifaa.

Punjab hiyo ilipigwa picha mkoani Granada, Hispania. Granada! Mji wa mwisho wa Waislamu wa Hispania, uliotekwa mwaka 1492. Wazao wa Waislamu hao walibatizwa kwa nguvu, wakaasi mwaka 1568, wakaondolewa katika vijiji vyao na kutawanywa, na kuanzia mwaka 1609 wakafukuzwa Hispania nzima. Majirani waliotenganishwa kwa dini, katika vilima vile vile. Tena ardhi ikaigiza msiba wa wengine huku ikiwa na wake.

Mwenzetu mmoja wa idara, anayefundisha tamthilia, aliposoma rasimu ya makala haya alitucheka. Alisema tunatafuta mfupa kwenye ini. Nani amewahi kudai kwamba Mabepari wa Venisi, kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, ni lazima waigizwe Venisi? Jukwaa ni popote, akasema, na kamera ni jukwaa lenye magurudumu. Hoja hiyo si nyepesi, na kwa zile hadithi za mwaka 1964 tunaikubali kabisa. Mbao za studio hazidai kuwa China. Zinamwomba mtoto akubali kuota, naye anakubali. Kamera inapotoka nje jambo ni jingine. Inaonyesha jua lenyewe, vumbi lenyewe, ukuta uliochakaa kwa miaka yake yenyewe, kisha inaandika juu yake jina la mahali pengine na mwaka mwingine. Jukwaa linaazima fikra za mtazamaji. Kamera inaazima uso wa mahali, na uso una mwenyewe.

Sisi wa ukanda huu tulipaswa kuwa wa kwanza kuligundua hili, maana tumeazimwa mara nyingi. The African Queen ya mwaka 1951 inasimulia habari za Tanganyika ya Wajerumani, lakini mito yake ni ya Kongo na ya hapa Uganda. Hotel Rwanda ya mwaka 2004, kuhusu msiba wa jirani zetu, sehemu kubwa ilipigwa Johannesburg, wakati Sometimes in April ya mwaka uliofuata ilikwenda kupigwa Rwanda kwenyewe. Wanafunzi wetu waliozitazama zote mbili hawasemi kwamba moja ni ya uongo. Husema kwamba katika ile ya pili vilima vinajua kinachosemwa. Hatujapata msamiati bora zaidi wa kihakiki kuliko huo.

Na mara nyingine uazimaji hugeuka upande wa pili. Tarehe 10 Mei 2025 Doctor Who ulionyesha "The Story & the Engine," hadithi iliyoandikwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Jos, Nigeria. Mandhari ni Lagos, ndani ya kinyozi ambako wateja wamenaswa na kulazimishwa kusimulia hadithi ili chombo kiende. Daktari wa sehemu hiyo ni Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, aliyekuwa na nafasi hiyo kati ya 2023 na 2025. Wasomaji wa Kampala huenda wanamkumbuka Ellams kwa tamthilia yake Barber Shop Chronicles ya mwaka 2017, ambayo huzunguka vinyozi vya miji sita, Kampala ukiwa mmojawapo. Katika "The Story & the Engine" Daktari anaeleza kwa nini huja Lagos: kwa sababu katika mwili wake huu mpya kuna mahali duniani anatazamwa kwa jicho baya, na kwenye kile kinyozi anapokelewa kama mwenyeji. Lagos hiyo ilijengwa Wales.

Tulitarajia kukasirika. Hatukukasirika, na tumejiuliza kwa nini. Huenda ni kwa sababu kinyozi ni chumba, na chumba hurudi kwenye desturi ya jukwaa: viti, kioo, mashine ya kunyolea, mazungumzo. Huenda pia ni kwa sababu mwandishi alikuja na mahali pale ndani ya lugha yake, utani wake na hadithi zake, buibui Anansi akiwamo, hata ukuta wa Cardiff haukupata nafasi ya kubisha. Katika "Rosa" ardhi ilikuwa na la kusema na mswada haukuiuliza. Katika Lagos ya Wales ardhi haikuwa na la kusema, na mswada ulilisema lote. Tungependa kuona siku moja vyote viwili vikikutana, Daktari mzaliwa wa Kigali akitembea kwenye mtaa wa Afrika unaoitwa kwa jina lake mwenyewe, na picha ikapigwa hapo hapo. Mfululizo wenye miaka zaidi ya 60 na chombo kinachofika popote ungeweza kumudu nauli hiyo.

Kuanzia muhula ujao, katika somo letu la uhakiki, tutatumia istilahi mbili: mandhari ya hadithi, na mandhari ya kuazima kwa mahali halisi palipopigwa picha. Wanafunzi watatakiwa kutaja yote mawili pale yanapotofautiana, na kueleza kama mkopo huo unaizidishia kazi maana au unaipunguzia. Swali la zamani limeondolewa kwenye hifadhi yetu ya mitihani.

Kuhusu yule mwanafunzi: kikao cha idara kilijadili karatasi yake kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, chai ikapoa. Tumemrudishia alama tatu kati ya tano. Mbili tumezibakiza, kwa kuwa Montgomery hakuitaja kabisa, na hilo amekiri mwenyewe kwamba ni kweli.